Neno Ambalo Afande Hakulisema

Kagondo, Jumamosi jioni

Mwanangu Muta,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umekunywa chai vikombe viwili, kiazi umekiacha nusu, na koti umelisahau kwenye kiti hiki ninachokalia. Umepanda bodaboda kwenda mjini kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako yuko kibanjani anachagua mkungu wa kukata kwa ajili ya chakula chako cha mwisho hapa nyumbani. Mimi nimebaki na daftari la jumuiya, nimechana karatasi za katikati. Mungu atanisamehe, zilikuwa tupu.

Mambo ya soksi, ya dawa na ya nani wa kumpigia simu ukifika siyaandiki. Nimeyasema mpaka umechoka, na baba yako atayasema tena kesho alfajiri pale stendi. Nataka kuandika jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa wiki nzima, tangu Jumapili.

Unakumbuka tulikuwa mezani baada ya ibada. Baba yako akakuchokoza, "Sasa wewe raia, wanakwenda kukufundisha uongozi huko jeshini. Ukimaliza utamwongoza nani? Kuna askari anamsikiliza raia?" Ukajibu huku unamenya embe, "Tata, mbona rahisi. Nitakuwa nasema tu, 'Afande ameagiza.' Hapo nani atauliza swali?" Baba yako alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi nikainuka nikasema naleta maji. Maji yalikuwepo mezani, Muta. Hamkuona hata mmoja wenu.

Nilikwenda kusimama nyuma ya jiko, nimeshika ukuta. Maneno yale uliyoyasema kwa mzaha ni yangu. Nimeyatumia mimi kabla yako, na najua yalinifikisha wapi.

Wewe ulikulia pale kambini, kwenye zile nyumba za mabati za watumishi raia karibu na uzio, kwa hiyo sina haja ya kukueleza maisha yetu. Ila mtoto huona mengi asiyaelewe. Sisi raia wa jeshini tu watu wa katikati. Tukija likizo huku nyumbani watu wanapunguza sauti, wakidhani nasi ni askari. Tukirudi kambini askari wanatuita "raia", kana kwamba ndilo jina tulilobatizwa. Bendera ikipandishwa asubuhi tunasimama wima kama wao, hata ukiwa umebeba sufuria ya uji inakuchoma vidole. Lakini begani hatuna nyota, mkononi hatuna V ya cheo, na mtu akitaka kujua kama neno lako lina uzito anakutazama kwanza mkononi.

Mpishi mkuu alipostaafu, Kapteni aliyesimamia mambo ya chakula na vifaa alinikuta nimekaa nachambua mchele. Akasema, "Mama Muta, kuanzia kesho jiko ni lako." Akanipa funguo za stoo, akaenda zake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya uongozi. Yalikwisha kabla sinia la mchele halijakwisha.

Ndiyo maana barua yako ya kuitwa mafunzoni ilipofika niliisoma mara tatu. Kumbe siku hizi mtumishi raia anakalishwa darasani, anafundishwa namna ya kuongoza watu kabla hajapewa funguo. Nilifurahi. Kidogo niliona wivu pia, nikautubu.

Chini yangu kulikuwa na wapishi raia na askari wachache waliopangiwa jikoni. Mmoja alikuwa Koplo, kijana mrefu, mcheshi, V zake mbili anazipiga pasi kuliko shati lenyewe. Siku yangu ya kwanza nikamwambia asonge ugali wa kundi la pili. Akanitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, hiyo ni amri au ni ombi?" Jiko zima likacheka. Ugali ule niliusonga mimi.

Kesho yake nikaja na ujanja. "Koplo, Afande Kapteni ameagiza usonge ugali." Akaruka kwenye mwiko kama kaguswa na moto. Kapteni wa watu alikuwa ofisini kwake, wala hajui leo nani anasonga.

Ilikuwa tamu, Muta, siwezi kukudanganya. Tangu siku ile nikawa siongei tena kwa jina langu. Afande ameagiza sufuria zisuguliwe kwa mchanga. Afande hataki kelele. Afande amesema zamu zibadilishwe. Maskini yule Kapteni, alikuwa akiagiza kutwa kucha na mwenyewe hana habari. Na mimi nikajiona nimeweza kazi.

Sasa nije kwa mama mdogo wako Adventina.

Wewe unamkumbuka kama yule aliyekubeba mgongoni na kukupa ukoko wa katogo, zile ndizi zetu za maharage. Kwangu alikuwa zaidi ya hapo. Tulikutana kule mbali, wanawake wawili wa Kagera katika jiko moja, yeye wa Izigo, mimi wa hapa Kagondo, tukafanya undugu wa kujitafutia. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Alikuwa akinitania, "Nyie mnaimba sana, lakini magoti yenu hayajui sakafu." Alikuwa akiniita dada, ingawa nadhani tulizaliwa mwaka mmoja.

Wiki moja tuliambiwa anakuja mgeni mkubwa kukagua kambi, na jiko ndilo lingemlisha. Siku tatu kabla, Adventina akanifuata kwenye sufuria ya maharage. Alikuwa ameshika simu mkononi, ameishika kama yai.

"Dada, mzee wangu amezidiwa. Ananiita. Niombee ruhusa kwa Afande, siku chache tu, nimwone nirudi."

"Nitamwuliza sasa hivi," nikasema.

Sikumwuliza. Hili ndilo ninalotaka ulisome polepole. Niliogopa Kapteni angenifokea kwamba wiki yenyewe ndiyo hii. Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba hakuna mtu pale aliyejua kupika ndizi kama Adventina, na mimi nilitaka mgeni asifie jiko langu. Basi nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaingia stoo, nikasimama katikati ya magunia ya mchele kwa muda ule ambao mtu angeutumia kwenda ofisini na kurudi. Nilisimama nikiangalia panya mmoja anavyoniangalia. Kisha nikarudi.

"Afande amekataa," nikamwambia. "Amesema mpaka mgeni aondoke."

Akainamisha kichwa. "Ego waitu," akasema, ile ndiyo yetu ya heshima, na akashika mwiko wake.

Hakubisha, hakusema nirudi nikambembeleze. Neno la afande halijibiwi, na ndiyo ubaya wake linapokuwa mdomoni mwa mtu asiyetumwa. Ningemwambia, "Mimi, dada yako, naomba usiende," angenijibu. Angenigombeza, angelia mbele yangu, pengine angeondoka bila ruhusa, na angekuwa na haki. Mimi nilimfungia mlango ambao haukuwa na mtu nyuma yake.

Mgeni alikuja, akala, akasifia ndizi. Kesho yake ikaja simu kwamba mzee amefariki. Adventina alisafiri usiku na mchana, akafika Izigo wameshazika. Nyasi zilikuwa bado mbichi juu ya kaburi, pale katikati ya migomba. Udongo wa mkono wake haukuingia. Unajua kwetu jambo hilo lina uzito gani, kwa mtoto aliyeitwa kwa jina.

Aliporudi kambini Kapteni alikuja jikoni kumpa pole. Alivua kofia. Alikuwa mtu mwema, wala sikupata kumjua vizuri maana nilikuwa na kazi ya kumtumia. Akasema, "Pole sana, Adventina. Ila na wewe, mbona hukuniambia mapema kama mzee anaumwa? Wiki ile ile gari letu lilikwenda Mwanza, nafasi zipo. Ungepanda."

Hakuna aliyesogeza hata kifuniko. Adventina akanitazama. Muta, angesema neno moja tu pale ningekwisha. Akamgeukia Kapteni.

"Nilichelewa kusema, afande."

Kapteni akaondoka. Adventina akachukua kisu chake cha vitunguu, akapita karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo hivyo, afande."

Kuanzia siku hiyo hakuniita dada tena. "Adventina, vitunguu vipo?" "Vipo, afande." "Adventina, umelala salama?" "Salama, afande." Alilisema bila dharau wala hasira, na askari wapya walidhani ni utani wetu. Mimi kila likitoka nilikuwa naona magunia ya mchele.

Uliwahi kuniuliza kwa nini mama mdogo haji tena kwetu. Ulikuwa darasa la tatu. Nikakuambia amehama. Hakuwa amehama, alikuwa mlango wa nne kutoka wetu. Ulimwona kesho yake anaanika nguo, ukanitazama, na hukuuliza tena. Hilo nalo naomba unisamehe.

Krismasi iliyofuata sote tulikuwa likizo. Nikaenda Izigo kuomba msamaha. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akauliza habari zako na za baba yako. Lakini akamwani hakuleta. Kwetu hata aliyekuja kuulizia mbuzi aliyepotea anatengewa kahawa ya kutafuna, ndipo mazungumzo yaanze. Mimi nilikaa mikono mitupu. Na kweli sikustahili, maana msamaha wenyewe niliuomba vibaya. Nilisema, "Adventina, unajua wiki ile ilivyokuwa, mgeni yule, amri zile, kambi nzima." Akasema, "Najua, afande." Akanisindikiza mpaka barabarani.

Hata msamaha, mwanangu, niliuomba kwa jina la kambi.

Siku niliyojifunza kusema "mimi" ilikuwa siku ya maharage. Kuni zilikuwa mbichi, saa ya kupakua imefika, maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto. Koplo akashika upawa. "Tupakue, mama, muda."

"Hatupakui."

"Afande amesema?"

Ulimi ukataka kwenda kule kule ulikozoea. Nikauuma. "Hapana. Ni mimi nimesema. Na nakwenda kumwambia mwenyewe."

Nikatembea mpaka ofisini, aproni kiunoni. Kapteni akasema, "Nani amekuruhusu kuchelewesha chakula cha askari?" Nikasema, "Hakuna, afande. Ni mimi. Maharage hayajaiva." Alinisema vizuri sana siku ile, na sikufa. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na la Adventina. Lote, kasoro stoo. Stoo sikuweza, nikasema tu kwamba sikuja kuuliza.

Akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Jina langu umelitumia mara ngapi, mama?"

"Sijui, afande. Nyingi."

Akanyoosha mkono. Nikaweka funguo juu yake.

Kwa hiyo ile habari uliyoisikia miaka yote, kwamba mama aliacha ukuu wa jiko kwa sababu ya mgongo, si kweli. Mgongo wangu haujawahi kuwa na shida. Nilinyang'anywa, na nilistahili, na funguo akapewa Adventina. Nilifanya kazi chini yake mpaka tulipoacha kazi ile.

Nataka nikueleze alivyoongoza, maana huko darasani watakufundisha kwa ubao na makaratasi, na yale yote ni mema, andika kila kitu. Lakini mimi nilimwona kwa macho. Koplo akimwuliza kile kiswali chake, ni amri au ni ombi, Adventina alijibu, "Ni kazi, mwanangu, na sababu yake ni hii." Akaitaja sababu. Kama hakuwa na sababu alikaa kimya akaenda kuitafuta. Na mtu akija na shida ya kwenda kwa afande, mgonjwa, msiba, chochote, alifuta mikono akasema, "Twende wote." Hakubeba neno la mtu peke yake wala kuleta jibu peke yake. Walikwenda wawili, wakasikia wawili. Wengine walikataliwa, wakarudi wamenuna, lakini walikuwa wamekataliwa na mtu wanayemwona uso. Hata jeshi lenyewe likaja kumheshimu. Kiongozi mzuri kuliko wote niliowaona kambini alikuwa amefunga kilemba.

Hakuwahi kunitesa. Alinipangia zamu sawa na wengine. Lakini aliendelea kuniita afande, hata baada ya funguo kuwa kiunoni kwake.

Juzi Alhamisi niliwaambia nakwenda Muleba kuangalia mibuni ya bibi yako. Mibuni niliiangalia, dakika tano. Nilikwenda Izigo kwa Adventina. Nisingeweza kukuandikia kifo cha baba yake bila yeye kujua.

Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Amezeeka, kama mimi. Hakusimama.

"Karibu, afande. Leo umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu. Nimekuja mwenyewe."

Akaendelea kugeuza kahawa. Nikasema nikiwa nimesimama hivyo hivyo. "Muta anakwenda kufundishwa uongozi. Jumapili amelisema lile neno langu, anacheka. Nataka kumwambia nilichokufanyia. Ila ni habari ya baba yako, si yangu peke yangu, ukikataa siandiki. Na kuna kitu sijakuambia. Sikuuliza, hilo unalijua. Lakini sikuuliza kwa kuwa niliitaka mikono yako kwa ajili ya yule mgeni, na wakati wewe unangoja jibu mimi nilikuwa nimejificha stoo."

Mkono wake ukasimama juu ya kahawa.

"Stoo ya mchele," akasema.

"Ya mchele."

"Ulirudi una vumbi la magunia begani. Nililiona. Nikasema moyoni, hata ofisi ya afande ina vumbi." Akaondoa jani kavu kwenye kahawa. "Siku Kapteni alipokuja kunipa pole, vumbi lile likanirudia. Nimekaa miaka yote hii nangoja uniambie la stoo. Nilijua ukilisema hilo, yote utakuwa umeyasema."

Nililia, Muta. Yeye hakulia. Akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Nikafikiri ndiyo basi, niondoke. Akatoka na kikapu kidogo.

"Mwambie mtoto," akasema. "Mwambie na la vumbi, usiliruke. Chukua kahawa, dada."

Tulitafuna. Kisha tulikwenda wote kaburini, nikang'oa magugu upande mmoja, yeye upande mwingine.

Sikuandikii haya ili uogope kazi. Wewe una utulivu ambao mimi sikuwa nao. Lakini itafika siku kijana fulani mwenye V zake atakuuliza ni amri au ni ombi, na wenzake watacheka, na jina la mkubwa litakuwa pale mdomoni limeiva. Litafanya kazi. Nakuambia ukweli, kila mara litafanya kazi. Siku hiyo uso utawaka. Uache uwake. Taja sababu yako, na kama mtu ana shida ya kupeleka kwa wakubwa, futa mikono mwende wote. Na ukikosea, kosea kwa jina lako, ili aliyeumia ajue mlango wa kuja kugonga.

Nasikia bodaboda inapanda, nadhani ni wewe umerudi. Koti lako nimelikunja, nitaliweka juu kabisa ya begi, na barua hii mfuko wa ndani. Mfuko wa nje kuna akamwani imefungwa kwenye ganda la mgomba. Adventina amekutumia, anasema utafune ukifika, usiitafune kwenye basi ukawachafulia watu. Nimekuombea tangu asubuhi na nitakuombea kesho mpaka basi lipotee.

Baba yako hajui kama nimekuandikia, na hakuna aliyeniagiza. Ni mimi.

Mama yako